Yesi Saba za Sempombe

"Yesi ya adabu imefukua kaburi." Mmelisikia neno hili sokoni mkacheka, sasa mnataka kujua kaburi la nani. Mimi nimelikuta hata mbali na Upare, kwa watu wasiojua lilikotoka. Lilianza kwa mtu mmoja, Sempombe, chini ya milima yetu, enzi za mashamba ya mkonge.

Yesi yenyewe ililetwa na wapagazi waliorudi kutoka vita vya Wazungu. Walirudi wamekonda, mikono mitupu, ila neno hilo walikuja nalo. Wakawafundisha wenzao: Mzungu akisema, wewe sema yesi, hatakupiga. Hawakueleza zaidi, maana nao hawakujua zaidi.

Sempombe alikuwa mtu wa adabu mno. Kwetu mkubwa akizungumza, msikilizaji humwitikia kila anapovuta pumzi: ee, naam, ee. Ukinyamaza umemdharau. Basi meneja mpya wa mkonge alipomkuta akilima, akaanza kusema huku akinyoosha fimbo kuelekea kilimani, Sempombe alivua kofia, akaona amwitikie kwa lugha yake mwenyewe.

"Yesi."

Mzungu akasema tena.

"Yesi."

Mara saba. Wakaagana kwa kupeana mikono, Sempombe akarudi nyumbani kifua mbele. Dada yake, Nakiete, akamtania, "Leo umekuwa Mzungu, bwana. Ugali wetu utaushika kweli?"

Siku ya tatu waliamshwa na ngurumo. Sempombe alikimbia kilimani, dada yake nyuma. Trekta lilikuwa limekwisha kupita mara mbili. Masale waliyoyapanda juu ya kaburi la mama yao yalikuwa yamelala mizizi juu, na kwenye udongo mwekundu kilichomoza kipande cha kaniki. Ile ile waliyomzikia.

Sempombe alipiga kelele, zikamezwa na ngurumo ya trekta. Akajilaza mbele ya gurudumu.

Meneja akashuka, uso umemwiva, akasema maneno mengi. Karani wake akayafasiri kwa sauti ndogo.

"Anasema alikuuliza: kilima hiki ni chako? Hakina kitu? Unatuachia tulime? Kila alipouliza ulisema ndiyo."

"Ndiyo?" Sempombe aliinuka taratibu. "Yesi ni ndiyo?"

"Kwani wewe ulidhani ni nini, mzee?"

"Nilikuwa namsikiliza!"

Karani alipoyarudisha hayo kwa Kiingereza, meneja akamtazama Sempombe, akaitazama ile kaniki. Akakaa kwenye udongo na suruali yake nyeupe. Dereva akazima trekta bila kuambiwa. Hakuna aliyejua aweke wapi macho.

Nakiete hakulia. Alitandika shuka yake, akapiga magoti, akawa anaokota mifupa ya mama yake mmoja mmoja, akiipangusa kwa vidole.

Baada ya muda meneja akanyoosha mkono upande wa pili wa kilima, kule alikolala baba yao. Akauliza jambo, kwa upole sana. Karani alikuwa amegeuka anajifuta machozi, hakusikia.

Sempombe alivuta pumzi. Mkono ukaenda kichwani kuvua kofia, midomo ikaanza kufunguka.

Nakiete akaruka, akamziba kinywa kwa kiganja chenye udongo wa kaburi.

"Nyamaza, mdogo wangu! Yesi ya adabu imefukua kaburi."