Mstari wa Nne Unaogongwa

Kabla ya king'ora cha asubuhi, Skolastika Kapinga alionja uji wa mumewe, akasema haujakolea, akaongeza sukari kijiko kimoja na kuufunika kwa sahani. Kisha akaenda kiwandani. Hilo ndilo lililokuwa jambo la mwisho la kawaida.

Zama hizo, katika shamba lile la mkonge, wimbo wa kiwandani ulikuwa na mistari minne, na wanawake waliiimba yote kwa sauti. Skolastika ndiye aliyeutunga:

*Mashine hii si mtu, haijui la mwenzani,*
*Yala na vidole vyetu, hapiti mtu kuhani,*
*Mwaka sasa ni wa tatu, kifuniko hatuoni,*
*Bwana, njoo huku kwetu, mkono utie ndani.*

Wimbo huo ulikuwa lawama, lakini pia ulikuwa kipimo cha kazi. Skolastika alisimama mbele ya mashine, akipanga majani ya mkonge katika mdomo wa mashine hiyo, usio na kifuniko cha kukinga mikono. Mwenzake, Tunu, alikaa nyuma, penye mpini wa kuteremsha meno. Hawakuonana. Katika mistari mitatu Skolastika alipanga. Katika wa nne alitoa mikono. Sauti zilipokoma, Tunu alivuta mpini. Kwa hiyo kila walipoutaja mkono wa bwana, wa Skolastika ulikuwa unatoka.

Juma moja kabla ya siku hiyo, bwana mwenye shamba alipita na wageni, akausikia wimbo hadi mwisho. Ndipo asubuhi ile mnyapara Seguya akaja kabla mashine haijawashwa.

"Imbeni mtakavyo, akina mama. Ila huo wa nne muuache. Bwana ana masikio."

"Anayo, mnyapara?" Skolastika akauliza. "Basi tulipoomba kifuniko alikuwa amemwazima nani?"

Wanawake wakacheka. Hata Seguya alitabasamu kidogo, kisha akasema, "Atakayeuimba leo, jioni afungashe vyombo vyake. Yeye, mumewe na wanawe. Nyumba ni za kambi."

Kicheko kikaisha. Wengi wao walikuwa wametoka mbali, na hawakuwa na paa jingine. Skolastika aliwatazama, akaona hawezi kuwadai ujasiri ambao watoto wao ndio wangeulipia.

"Wa nne tuuimbe moyoni," akasema. "Huko mnyapara hafiki."

Lilikuwa kosa lake, na lilikuwa kosa la watu waliozoea kufanya kazi kwa sauti moja. Mioyo haina mwendo mmoja. Mara tatu walifanikiwa. Mara ya nne Skolastika alikuwa bado katikati ya mstari. Tunu, nyuma ya mashine, alikuwa ameumaliza. Akavuta mpini.

Walimbeba juu ya gunia la singa, zile nyuzi za mkonge. Njiani kwenda zahanati alikata roho.

Mumewe, Ndunguru, mkata mkonge, alirudi nyumbani jioni akaukuta uji umeganda chini ya sahani. Hakuumwaga.

Kesho yake, mazishi yakiwa yamepangwa alasiri, king'ora kililia kama kawaida. Ndunguru alichukua panga lake la kazi akaenda kiwandani. Seguya alipoliona lile panga alirudi nyuma hatua mbili. Ndunguru alimpita. Mahali pa Skolastika palikuwa na mwanamke mwingine, akipanga majani. Wanawake wakaimba mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakanyamaza.

Ndunguru akagonga nguzo ya chuma kwa ubapa wa panga, polepole, mapigo kumi na sita, moja kwa kila silabi ya mstari wa nne. Yule mwanamke akatoa mikono. Pigo la mwisho lilipotua, Tunu akavuta mpini.

"Ndunguru! Nimekataza nini hapa?"

"Siimbi, mnyapara. Nagonga chuma."

Akasimama pale akigonga, hadi saa ya kwenda kumzika.

Na tangu asubuhi hiyo mstari wa nne hauimbwi katika shamba lile, hugongwa. Kifuniko kilikuja baadaye, baada ya mikono mingine miwili kuliwa. Watoto wa kambini wanayajua maneno ya mstari huo ingawa hakuna kati yao aliyewahi kuyasikia yakitamkwa. Na wafanyakazi wanapokuwa na dai, husimama mbele ya ofisi bila kusema neno. Hugonga mara kumi na sita, kisha husubiri.