Wapambe Walioshindwa Kucheka

Usikaze msuko ukasahau harusi. Ndivyo mama yenu alivyomwambia mwenyekiti wa kamati ya harusi jana, alipotaka kila ukoo ucheze kwa saa na kengele ipigwe muda ukiisha. Watu wote wakacheka, na ninyi wajukuu zangu mkacheka pia, ingawa najua hamkujua mnachekea nini. Leo mmekuja kuniuliza methali hii imetoka wapi. Mmeuliza pazuri, kwa sababu ilipozaliwa nilikuwepo, na maumivu yake niliyabeba kichwani mwangu. Basi sikilizeni ilivyoanza.

Nilikuwa msichana, sijaolewa bado. Kijiji chetu cha upande wa Isongole kilikuwa na baridi ambayo ninyi wa siku hizi mngeikimbia. Mwezi wa saba, kipupwe kikishika, ukungu ulikuwa unaingia ndani bila kupiga hodi. Unaanika nguo asubuhi, jioni unazianua zikiwa mbichi kuliko ulivyozianika. Hata hivyo ndio mwezi tuliooza mabinti, maana kazi za shamba zimepungua na mvua kubwa zimekwisha.

Mwaka huo aliolewa Tusajigwe, binti wa baba yangu mdogo. Alikuwa mpole, mtu wa maneno machache, lakini ukimtajia Ambakisye utaona uso unavyobadilika. Ambakisye alikuwa fundi cherehani kutoka Kyela, kule bondeni kwenye joto na mpunga. Walipendana kweli, msidhani mapenzi yameanza kwenu. Tatizo lilikuwa mama yake Ambakisye. Alikuwa ameambiwa na watu wasio na kazi kwamba sisi wa milimani tunawadharau watu wa bondeni. Alipokuja kwenye posa alisema wazi, mbele ya wazee wetu, kwamba mwanawe hatamwingiza kwenye nyumba ya dharau. Akiona nyuso zimekunjwa siku ya harusi, atageuza na watu wake.

Sasa, ukoo wetu ulikuwa na desturi moja, tuliiita mlango wa kicheko. Siku ya kuamkia kanisani, watu wa bwana harusi walikuja kumwona binti nyumbani kwao. Wapambe sita walisimama mlangoni, wamefunga njia. Hatukudai pesa kama mnavyodai ninyi siku hizi. Wanawake wa upande wa mume walitakiwa kutuchekesha. Mpambe haruhusiwi kusema neno. Kazi yake ni kusimama, kusikiliza, na akishindwa kujizuia, acheke. Wapambe wakicheka, maana yake nyumba imemkubali mkwe, na mlango unafunguliwa. Wasipocheka, mkwe amekataliwa. Kwa miaka yote niliyoiona, hakuna aliyewahi kukataliwa, kwa sababu wasichana sita pamoja hawawezi kukaa bila kucheka. Mimi nilikuwa mmoja wa sita hao.

Hapo ndipo anapoingia Shangazi Subilaga, dada yao baba zetu, ambaye ndiye aliyeshika mambo yote ya kike kwenye harusi ile. Shangazi alikuwa na kidonda cha moyo. Mwaka uliotangulia alimwoza binti yake mwenyewe, na wapambe wakanyooshwa nywele kwa kitana cha moto, zikalala na kung'aa, kila mtu akasifu. Wakaanza safari ya kwenda kanisani. Njiani ukungu ukawashukia. Walipofika mlangoni mwa kanisa, nywele zote zilikuwa zimesimama, kila moja imeelekea kwake. Watu wakaiita harusi ya nungunungu, na jina likabaki. Shangazi alikuwa akipita sokoni anasikia watu wanakohoa kwa makusudi. Aliapa kwamba harusi ya Tusajigwe nywele zitadumu siku zote tatu, ukungu uje usije.

Akamleta Sekela, msusi kutoka Tukuyu mjini. Mwanamke yule alikuwa na vidole, jamani! Alikaa karibu na jiko la mkaa, anavipasha moto kwanza, halafu anagawa nywele kwa mistari iliyonyooka kama matuta ya shamba la mtu mwenye bidii. Alitusuka kuanzia pembezoni kwenda utosini, akafunga kwa uzi mweusi, na juu kabisa akazijenga nywele zikawa mfano wa kikapu kidogo. Mimi nilikuwa wa kwanza kumaliza, nikajitazama kwenye kioo nikajipenda.

Shangazi akaja, akaingiza kidole chini ya mstari mmoja. Kikaingia.

"Hizi zimelegea," akasema. "Kaza."

"Mama, zimetosha," Sekela akamjibu. "Nikizidisha watalia."

"Walie leo, wapendeze kesho. Wewe hujui ukungu wa huku. Kaza!"

Sekela akafumua, akaanza upya. Alivuta mpaka nikasikia ngozi ya kichwa inanisogea. Nyusi zangu zilipanda zikakaribia nywele zenyewe. Macho yalivutika pembeni nikaonekana kama mtu aliyeambiwa habari ya ajabu na bado anaishangaa. Shangazi akajaribu tena kidole chake, hakikuingia, akatabasamu. Wenzangu nao wakafanyiwa hivyo hivyo mmoja baada ya mwingine. Bupe, rafiki yangu, aliyekuwa na ngozi laini, alisema hawezi kufumba macho sawasawa. Shangazi akamwambia harusini watu hawaendi kulala.

Usiku ule tulilala tumekaa, tumeegemea ukuta, kwa maana kichwa hakikuweza kugusa mto. Asubuhi tuliletewa viazi vya kuchemsha tukashindwa kuvitafuna, tukanywa uji tu, tena kwa kuufyonza. Tusajigwe alitutazama, akauliza kama tunaumwa. Tukasema hapana. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake.

Wageni wakafika adhuhuri, ukungu ukiwa mzito. Watu wa bondeni walikuwa wamejifunika mashuka na mataulo, wanatetemeka, lakini wanaimba. Walitupendeza. Mbele alikuwa mama yake Ambakisye, kitenge chake kizuri kimelowa umande mpaka magotini. Tukajipanga mlangoni kama ilivyopasa. Nakumbuka watu wa kwetu walivyosema, "Tazama nywele hizo!" Kweli, zilikuwa hazijawahi kuonekana nywele kama zile kijijini. Hakuna hata unywele mmoja uliokaidi.

Akajitokeza mwanamke mmoja mnene, shangazi yake Ambakisye, mchekeshaji wao. Akapiga magoti, akatusalimu kwa adabu zote, kisha akaanza.

"Wanangu, tumepanda mlima wenu tangu alfajiri. Tumepanda, tumepanda, mpaka tumekuta jogoo amesimama juu ya ua. Tukasema ngoja awike tujue saa. Jogoo akanyoosha shingo, akafumba macho, akapanua mabawa…" Hapo akajipanua mwenyewe na mataulo yake. "Akapiga chafya!"

Akaipiga chafya ile ya jogoo, kwa sauti nyembamba, akayumba mpaka akashikwa na wenzake. Uwanja mzima ukalipuka. Hata baba yangu mdogo, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, aligeukia ukutani mabega yakimtikisika.

Sisi wapambe tukabaki vilevile. Wajukuu zangu, kicheko kilikuwepo! Kilinijaa tumboni, kikapanda kifuani, kikafika shavuni kikakwama. Nikijaribu kuvuta mdomo, ngozi ya paji la uso inavutwa kama inataka kupasuka. Tulisimama sita, nyusi juu, macho yamekodolewa, tunamtazama yule mama kama aliyetutukana.

Akatoa utani wa pili, na wa tatu. Uwanja ulianza kunyamaza. Kwenye utani wa nne, Bupe masikini alijikaza atabasamu, ateseke peke yake atuokoe. Mdomo ulisogea kidogo, na maumivu yakamshika, machozi yakaanza kumtiririka mashavuni.

Mama yake Ambakisye aliyaona machozi yale. Akasogea mbele, na sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ingekuwa afadhali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeumia.

"Wanalia," akasema. "Mwanangu anakuja kuoa, wao wanamlilia mwenzao kama wanamzika. Niliambiwa, nikajifanya siamini." Akawageukia watu wake. "Turudini. Mchele tuliouleta tutaula kwetu."

Ambakisye alikuwa nyuma kabisa, kama desturi ilivyotaka, amevaa suti aliyojishonea mwenyewe. Alitaka kusema kitu, mjomba wake akamshika mkono. Nasi mlangoni tulikuwa tumefungwa na desturi na uzi vilevile: mpambe hasemi. Nilimtazama Shangazi Subilaga aseme yeye. Shangazi alikuwa anatutazama vichwani.

Mlango ukafunguliwa kwa ndani.

Tusajigwe akatoka. Bibi harusi hakupaswa kuonekana kabla ya kicheko, na wazee waliguna. Yeye, ambaye siku nzima ungemtoa maneno matatu, akapita katikati yetu, akaenda akapiga magoti kwenye nyasi zenye maji mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, msiondoke. Wenzangu hawajanuna. Wamesukwa."

"Wamesukwa?"

"Wamekazwa, mama. Hawakulala, hawakula. Mguse huyu uone."

Yule mama akasita. Kisha akanyoosha mkono, akagusa pembeni mwa kichwa cha Bupe kwa ncha ya kidole tu, na Bupe akaruka kama aliyeguswa na kaa la moto. Mama akatutazama mmoja mmoja, zile nyusi, yale macho. Nikaona uso wake unaanza kuelewa.

Tusajigwe akaniambia nikae chini. Akachukua wembe kwa Sekela, akakata uzi wa kwanza.

"Unafanya nini!" Shangazi Subilaga akapiga kelele. "Harusi ni kesho! Unaniaibisha mara ya pili!"

"Nywele ni zao, shangazi," Tusajigwe akajibu bila kugeuka, "na harusi ni yangu."

Akakata uzi mwingine. Mstari ulipofumuka, nyusi zangu zikashuka mahali pake, na damu ikarudi kichwani ikiwa ya moto. Na hapo, jamani, kile kicheko cha jogoo, kile kile kilichokwama, kikatoka. Nilicheka mpaka nikalala kwenye nyasi. Mtu wa kwanza aliyenifuata alikuwa mama yake Ambakisye, maana hakuna kitu kinachochekesha kama mtu anayechekea utani ulioisha zamani.

Wanawake wa bondeni hawakungoja kuambiwa. Walikaa barazani, kila mmoja akamweka mpambe mmoja katikati ya magoti yake, wakaanza kufumua. Yule mchekeshaji mnene alinyakua kichwa cha Bupe, akakifumua taratibu akikipuliza pumzi ya joto, na kila mstari uliofunguka akawa anapiga chafya ya jogoo sikioni mwake. Sekela naye akakaa kwenye mstari, akawa anafumua kazi yake nzuri kuliko zote, wala hakuonekana kujuta. Nilikuwa sijawahi kuona watu wa bondeni na wa mlimani wamekaa karibu hivyo. Chai ikatoka, viazi vikatoka, na sisi tukatafuna kwa pande zote mbili za mdomo.

Shangazi Subilaga alikuwa amebaki amesimama peke yake uwanjani, anaokota vipande vya uzi. Mama yake Ambakisye akamwendea. Sisi tulidhani atamsema. Alimshika mkono.

"Zingedumu siku tatu," shangazi akasema, machozi yakimlenga. "Ukungu usingezigusa."

"Naamini, dada yangu. Zingedumu kuliko harusi yenyewe. Ulikaza msuko ukasahau harusi." Akamvuta barazani. "Njoo unywe chai, nawe umesimama tangu asubuhi."

Kesho yake Sekela alitusuka mabutu mawili mawili, malegevu, akatufunga kwa vipande vya kitenge. Ukungu ukaja njiani, kama ulivyokuja mwaka wa nyuma, na mpaka tunafika kanisani tulikuwa nungunungu sita. Hakuna aliyekohoa. Watu walikuwa wanatutazama midomoni, maana tulikuwa tunacheka tangu mlimani, na mpiga picha alilalamika kwamba hatumpi nafasi ya kupiga picha moja ya watu waliotulia. Jumapili, siku ya tatu, hapakuwa na msuko hata mmoja uliobaki, na ngoma zilichezwa mpaka watu wa bondeni wakayavua mataulo.

Tusajigwe na Ambakisye walikaa pamoja, wakazeeka pamoja. Walipomwoza binti yao wa kwanza, Shangazi Subilaga alikuwa bibi kizee, anatembea kwa kushikwa. Alisema lazima aende akakague wapambe. Tulimwogopa kidogo, nisiwafiche. Wasichana wakajipanga mbele yake, wamesukwa. Shangazi akapita kwa kila mmoja, na kila mmoja akanyoosha kichwa ili nywele zake ziangaliwe. Yeye hakugusa nywele hata moja. Aliwashika kidevu, mmoja baada ya mwingine, akimwambia kila mmoja, "Cheka nione."

Walipocheka wote, akatugeukia sisi tuliokuwa tumeshika vitana na uzi, akatuinulia kile kidole chake.

"Hizo zinatosha. Usikaze msuko ukasahau harusi."