Uji wa Nyuzi Kumi na Mbili

Hapo zamani, na usije ukafikiria zamani ya fisi kuvaa kanzu, nasema zamani ya juzi tu, palikuwa na shule ya bweni huko juu milimani, kwenye baridi ambayo hata jogoo anawikia ndani. Shule ilikuwa na kidato cha sita, na kidato cha sita kilikuwa na kombi, yaani mchepuo, ya hesabu, ile hesabu ya juu yenye herufi nyingi kuliko namba. Kombi hiyo ilikuwa na rekodi safi kabisa. Tangu ianzishwe, hajawahi kufaulu mtu. Shule nyingine zinayumba, mwaka huu hivi, mwaka ule vile. Hawa hawayumbi. Unaingia na ndoto ya uinjinia, unatoka na ziro yako mkononi, umekamilika.

Mwalimu wa hesabu aliitwa Kasugu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na nguruwe wengi tu. Anaingia darasani, anaandika swali ubaoni, anaandika mstari wa kwanza wa jibu, anapangusa chaki, anasema, "Mengine ni hivyo hivyo," halafu anawahi pumba. Miaka yote miwili. Darasa zima likawa bingwa wa mstari wa kwanza. Mstari wa pili waliusikia tu, kama watu wanavyosikia habari za Ulaya.

Sasa ikatokea habari. Mjini kuna mwalimu mstaafu, watu wanamwita Mzee Logi, anaweka kambi ya hesabu kabla ya mtihani wa taifa. Ukipita kwa Mzee Logi umepita. Mzee akasema kila shule imletee mtu mmoja. Mkuu wa shule, Madam Ndelwa, akasimama mstarini asubuhi akatangaza: atakayeongoza mtihani wa moko, ule wa majaribio, ndiye atakayepanda gari kwenda kambini. Wengine watabaki na Kasugu. Yaani mmoja anaokoka, wengine wanaitunza rekodi ya shule.

Hapo darasani kulikuwa na watatu waliokuwa wanapiga msuli wa masomo pamoja. Wa kwanza Lusekelo, kipanga wa darasa, mtu anasoma kitabu huku anatembea, anagonga mlingoti wa bendera, anauomba radhi. Wa pili Mwajabu, binti wa Tanga, ana masweta mawili mwilini tangu kidato cha tano na bado anatetemeka. Wa tatu Shija, kijana wa Usukumani, mrefu, mpole, kichwa kizito, kilaza anayejulikana na kila mwalimu. Huyu aliingia kombi ya hesabu kwa sababu lambo la maji la kijijini kwao lilipasuka, ng'ombe wakafa kiu, na baba yake akasikia kuwa mtu anayejua kujenga lambo lisilopasuka anaitwa injinia. Basi mzee akasema, "Nenda ukawe huyo." Kama vile unamtuma mtoto dukani.

Utaratibu wao ulikuwa kila mtu anachukua mada, anaipika, anawalisha wenzake. Lusekelo akachukua mada ya vitu kupoa. Chai imetoka jikoni ya moto, chumba kina nyuzi kadhaa za joto, sema itachukua muda gani mpaka inyweke. Ukisikia unaona rahisi. Ukiliona jibu lake lilivyo refu, unaamua bora unywe maji.

Lusekelo akafundisha. Mwajabu akatikisa kichwa. Shija akatikisa kichwa. Ndiyo desturi ya diskasheni: anayejua anaongea, asiyejua anatikisa kichwa, wote mnaenda kula. Ila siku hiyo Shija akaharibu desturi.

"Samahani, Lusekelo. Hiyo chai ikipoa, inaishia wapi?"

"Inaishia kwenye fomula."

"Hapana, chai yenyewe. Inapoa mpaka inakuwa barafu?"

"Gwe Shija, mtihani uko mlangoni, unauliza mambo ya darasa la tatu?"

"Basi nijibu kama mtoto wa darasa la tatu."

Lusekelo akafungua mdomo. Ikatoka fomula ile ile, kwa sauti kubwa zaidi. Kumbe kipanga wetu naye alikuwa amekariri, ila yeye alikariri kwa mbwembwe.

Mwajabu akacheka mpaka sweta la juu likapanda. "Wallahi, mwalimu kakwama. Kesho tukauulize uji wenyewe."

Asubuhi akaomba kipimajoto maabara, wakaenda jikoni. Mpishi, Bwana Chengula, akakitazama kile kipimajoto, akamtazama Mwajabu.

"Binti, nani kakwambia uji wangu una homa?"

"Hauna homa, mjomba. Tunataka tuone unavyopoa."

"Huku? Huku hata mimi napoa."

Akawapa kikombe. Wakakiweka nje, dirishani. Shija anashika kikombe, Mwajabu anasoma namba, Lusekelo anaandika. Uji ukashuka mbio, ukapunguza mwendo, ukaanza kujivuta, mwisho ukagoma. Mwajabu akasoma: "Kumi na mbili." Wakasubiri. Kumi na mbili. Akakitoa kipimajoto, akakifuta, akakishika hewani. Kumi na mbili.

Shija akasema taratibu, "Kumbe uji unaifuata hewa. Ukishaikuta, unatulia."

Lusekelo akaweka kalamu chini. Akafungua kitabu, akaitazama ile fomula, na kwa mara ya kwanza akaona kila herufi inafanya nini pale. Kabla ya hapo alikuwa anazisalimia tu.

Tangu siku hiyo Shija hakuwapa amani. Wako kwenye foleni ya uji, anauliza, "Hewa ngapi?" Wanajibu, "Kumi na mbili." Wanadeki bweni, wanafua, wanapalilia bustani ya shule: "Uji unakwenda wapi?" "Kumi na mbili." Darasa likawacheka, likasema hawa baridi imewapanda kichwani. Lakini mpaka moko inafika, kilaza wa darasa alikuwa analipiga lile swali mwanzo mpaka mwisho bila kusimama kupumua.

Moko ikaja, na swali likaja. Chai, chumba chenye nyuzi ishirini na tano. Darasa zima likaandika ishirini na tano kwenye mstari wa kwanza, kwa mwandiko mzuri ajabu, halafu likakaa kumsubiri Kasugu aje aseme mengine ni hivyo hivyo. Watatu wetu peke yao wakaenda mpaka chini. Hatua zote zimenyooka, kama mahindi ya mstari. Ila kila palipotakiwa ishirini na tano, karatasi zote tatu zilisema kumi na mbili.

Sasa hebu fikiria. Kwenye pepa nzima hakuna kumi na mbili. Kasugu akazibeba zile karatasi mpaka ofisini kwa Madam kama mtu aliyebeba nyoka. Wakaitwa wote watatu.

"Shikamoo, Madam. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mwalimu Kasugu anasema mmeibiana."

Kasugu akadakia. "Kosa moja, vichwa vitatu. Tena hivi walivyoandika mimi sijawafundisha. Sasa wamejulia wapi?"

Madam akamtazama Kasugu. Mambo mengine mtu akijisemea mwenyewe inatosha. Vijana wakamweleza habari za jikoni, za kikombe, za hewa. Bwana Chengula akaitwa, akasema ni kweli, waliupima uji pale dirishani kama mtoto wa kliniki.

"Sawa," Madam akasema. "Hamkuibiana. Lakini alama zenu za hatua ziko sawa, mnaongoza wote, na gari la kambini hilo nje, lina kiti kimoja. Hii kazi ni ya nani?"

"Ni yangu, Madam," Lusekelo akasema, mkono juu. "Bila fomula, uji ni uji tu. Shule hii imekunywa uji miaka yote, nani alifaulu?"

"Fomula ilikuwa imelala kichwani mwake inakoroma," Mwajabu akasema. "Aliyesema twende jikoni ni mimi. Aliyesoma namba ni mimi. Kazi yangu hiyo."

"Nisingeuliza, wangekuwa wanatikisa vichwa mpaka leo," Shija akasema. "Na nisingewaimbisha, wangesahau."

"Na mstari wa kwanza aliwapa nani?" Kasugu akauliza.

Madam akavua miwani. "Vizuri sana, wote mna kazi. Sasa nambieni hiyo kumi na mbili ni ya nani. Mzee Logi hapokei mtu asiyesoma swali. Mwenye kumi na mbili anabaki hapa."

Ungeona. Mikono iliyokuwa juu sasa hivi, yote imeingia mifukoni.

"Mimi nilileta fomula tu," Lusekelo akasema. "Fomula haina namba."

"Mimi nilisoma namba ya jikoni," Mwajabu akasema. "Sikusema waipeleke kwenye mtihani."

Shija akaangalia chini, halafu akasema, "Ni yangu, Madam. Mimi ndiye niliyewaingizia vichwani. Mpeleke mmoja wao." Akageuka kuelekea mlangoni. Lambo, ng'ombe, baba anayesubiri injinia nyumbani, vyote akavigeuzia mgongo kwa neno moja, na wenzake wanahesabu vigae vya sakafu.

Akiwa ameshika kitasa, Lusekelo akakohoa. "Madam, angalia karatasi yangu, mstari wa kwanza."

Madam akaangalia. Palikuwa na ishirini na tano, imekatwa kwa kalamu, juu yake kumi na mbili.

"Niliandika sahihi," Lusekelo akasema. "Halafu nikakumbuka ule wimbo wa Shija, nikajua wenzangu watajibu kumi na mbili. Nikajiuliza, niwe sahihi mimi peke yangu, na wote wawili wamekosea? Nikaikata."

"Ulikuwa na jibu ukalitupa?"

"Niliwaamini, Madam. Lakini kati yetu ni mimi peke yangu niliyelisoma lile swali."

Mwajabu akaguna. "Peke yako? Madam, geuza na yangu."

Madam akageuza. Nyuma ya karatasi, kwa penseli, swali zima limefanywa upya kwa ishirini na tano, jibu limekaa pale chini, sahihi kama mtu kalitoa dukani.

"Nilipomaliza nikarudia kusoma, nikaliona kosa," Mwajabu akasema. "Nikageuka niwatazame hawa. Wameshakusanya, wako nje wanapigana mabega. Ningebadilisha yangu, ningeongoza peke yangu. Nikaiacha ile ya mbele kama ilivyo."

"Kwa nini?"

"Nilijifunza nao. Niliona kama naruka ukuta nawaacha ndani."

"Kwa hiyo ulijua kuwa ni kosa, na ukakusanya kosa."

"Ndiyo, Madam."

"Na dakika mbili zilizopita ukamwachia Shija alibebe."

Mwajabu akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. "Ndiyo, Madam."

"Na kambi bado unaitaka?"

"Naitaka sana."

Shija bado yuko mlangoni, haingii, hatoki. Lusekelo anamtazama Madam. Kasugu anatazama saa, nguruwe wana ratiba yao. Huko nje dereva akapiga honi, akatoa kichwa dirishani akasema, "Madam, mimi naambiwa mtu mmoja, simwoni. Niondoke?"

Madam akazipanga karatasi tatu mezani. Akazipanga tena kwa namna nyingine. Zikabaki tatu.

Haya, nyie mnaojua kila kitu mkiwa mmekaa, hiyo ofisi nawaachia. Kuna aliyekuwa sahihi akajikata mwenyewe kwa kuwaamini wenzake. Kuna aliyejua sahihi akaificha asiwaache nyuma, halafu ulipofika moto akanyamaza. Na kuna ambaye swali hakulisoma kabisa, ila kosa lilipokosa mwenyewe, akalichukua akaondoka nalo. Kiti ni kimoja, gari linaunguruma, na wawili wanabaki na Kasugu. Msitikise vichwa, jibuni: nani alistahili kupanda?