Udongo Uliolala

Kiangazi kilipokaza, Hiza, fundi wa bustani, alipanda mlima kumwomba Bwana Shekulwavu ndoo mbili za maji, maana kabichi zake zilikuwa zinanyauka. Shekulwavu, mwenye kisima pekee kisichokauka, alimnyima.

"Ila niambie, mawaridi nipande lini? Fundi siajiri. Ushauri ni ujirani tu."

"Subiri masika, Bwana. Lakini udongo wako umelala, uamshe kwanza. Chimba mfereji kutoka kisimani mpaka mwisho wa kiwanja, uujaze kila asubuhi."

"Na hakuna kilichopandwa?"

"Wakubwa ndivyo wafanyavyo. Kumwagilia mimea ni mambo ya maskini."

Mwezi mzima Shekulwavu aliteka maji kwa mikono yake, akiwacheka majirani waliohangaikia mboga. Wingu la kwanza lilipotanda, akamwita Hiza.

Hiza alichukua donge la udongo, akalinusa. "Umeamka, Bwana. Sasa ajiri fundi."

"Fundi hodari nitamjuaje?"

Hiza akanyoosha kidole kuelekea chini ya kiwanja, mfereji ulipoishia. Mteremko wote ulikuwa umeungua kwa jua, isipokuwa bustani moja ya kabichi, kijani kibichi.

"Muulizie mwenye ile."