Bi Mwanamvua na Kaa la Moto

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, jamani. Hii ni hadithi ya kwetu, na ya kwetu haiitikiwi kivivu.

Hapo zamani za kale palikuwa na kiunga, nje kidogo ya mji. Kilikuwa kiunga cha watu, kikaja kuwa kiunga cha majani. Vijana walihamia mjini, karibu na soko. Nyumba zao zikabaki tupu, mapaa yakabonyea, majani yakaota hadi kifuani. Waliobaki walijifungia ndani, kila mtu na lake. Jumbe wa mji akaona pori la bure. Akapeleka neno kwamba mavuno yakiisha ataleta ng'ombe wake walishe pale, na waliobaki watafute pa kwenda.

Miongoni mwao alikuwemo Mzee Shekue, mtu wa kununa. Alisikia habari hiyo, akafunga mlango. Angefanya nini peke yake? Pale ndipo alipomzika mkewe, na sasa ng'ombe waje wakanyage kaburi. Moyo ulimuuma sana.

Asubuhi moja akasikia majani: chwa, chwa, chwa. Na fimbo: ko, ko, ko.

"Hodi."

Alikuwa Bi Mwanamvua, ajuza wa upande wa kisimani, ana kigae cha chungu mkononi. Moto wake umezimika, alisema, anaomba kaa. Shekue akampa huku ananung'unika. Kesho yake, chwa, chwa, chwa, ko, ko, ko, hodi. Kesho kutwa, vivyo hivyo. Shekue akajisemea kwamba bibi huyu amezeeka vibaya, hata moto umemshinda. Lakini akaanza kuamka mapema kuchochea moto, bibi asije akakuta majivu. Siku nyingine alifukia na kiazi humo, wakala wote wawili.

Kisha ikaja asubuhi ya kimya. Hakuna chwa, hakuna ko. Jua likapanda, Shekue akaingiwa na hofu. Akatia kaa kwenye kigae mwenyewe, akatoka. Njiani akashangaa. Pale palipokuwa na majani palikuwa na njia, nyembamba, nyeupe, imekanyagwa hadi mlangoni kwa bibi.

Na uani kwa bibi, watu tele! Kila mtu na kigae chake, kila mtu na kaa lake. Kumbe bibi aliomba moto kila nyumba, na leo hakubisha kwa yeyote. Katikati yao jiko lake linawaka, uji unatokota: bwata, bwata, bwata.

"Bibi, mbona moto unao?" Shekue akauliza kwa hasira.

"Ninao tangu niolewe," akajibu. "Watu ndio sikuwa nao. Kaeni mnywe uji, wanangu, kisha mniambie hao ng'ombe watapita wapi."

Wakaona haya, kisha wakacheka. Siku ile ile yakatoka mapanga. Fyeka, fyeka, fyeka! Bi Mwanamvua akakataza majani yasichomwe. Wakayaanika, wakayafunga mafungu, wakaezekea kila nyumba, hata zile tupu. Waliohamia mjini wakasikia vishindo, wakaja kuchungulia nyumba zao, wakajikuta wanakandika udongo. Wengi hawakurudi tena mjini.

Mavuno yakaisha. Jumbe akaja na ng'ombe wake: mbuu, mbuu. Akatazama huku na huku.

"Majani yako wapi?"

Bi Mwanamvua akainua fimbo, akaonyesha mapaa. "Hayo hapo juu, Jumbe. Waambie ng'ombe wapande."

Jumbe akatazama mapaa mapya, njia nyeupe na watu waliosimama milangoni. Akapumua.

"Pori ningelichukua," akasema. "Watu sina ubavu nao."

Akageuza ng'ombe wake na njaa yao. Jioni ile Shekue alifagia kaburi la mkewe, akamsimulia yote, na siku hiyo hakununa.

Bi Mwanamvua alishatangulia mbele ya haki. Lakini mpaka leo, anayehamia kiungani kwetu hawashi moto wake mwenyewe. Anachukua kigae, anakwenda kwa jirani. Nawe ukiona majani yameota kati ya mlango wako na wa mwenzako, usimngoje Jumbe. Nenda kabishe hodi.

Hadithi yangu naiweka chini hapa. Mwenye kigae achukue kaa lake.