Muulize Jirani wa Chini

Jana mlisikia watu wakisema, "Mgawa maji, muulize jirani wa chini," nanyi mkataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Huko milimani Upare, katika kijiji cha Kwamsele, mashamba yalishuka mteremkoni moja chini ya jingine, na mfereji mmoja uliyanywesha yote. Mgawa maji ndiye aliyefungulia shamba hili na kulifunga lile. Hata hivyo, siku ya kumchagua wengi hawakwenda. Walisema maji hayapandi mlima. Afungue huyu au yule, yatashuka tu.

Mwaka mmoja wa ukame walisimama wawili kugombea kazi hiyo. Mchomvu alikuwa mcheshi, mwenye salamu kwa kila mtu. Kiangi alikuwa mkimya, tena mwenye uso mzito. Nakijwa, mama aliyelima maharage mwisho wa mfereji, alikwisha kuamua kumpa kura Mchomvu, kwa sababu alikuwa shemeji yake.

Asubuhi ya uchaguzi alipanda kando ya mfereji kwenda mkutanoni. Chini ya shamba la Mchomvu alimkuta bibi Namkunda akimwagilia kwa ndoo maharage yaliyojikunja, na hapo juu mahindi ya Mchomvu yamesimama majini. Nakijwa akauliza kulikoni. Bibi akamweleza kuwa jirani yake hujisahau kufunga maji, kila zamu.

Nakijwa akakatiza hadi shamba lililo chini ya lile la Kiangi. Udongo wake ulikuwa umelowa, na mwenye shamba hilo akasema Kiangi hukatisha zamu yake ili maji yamfikie na yeye. Nakijwa akafunga khanga kiunoni, akakimbia.

Aliwakuta watu wachache, mwenyekiti akitaka wanyooshe mikono. Huku akihema, akawaomba kwanza washuke wakaone mashamba mawili.

"Shemeji, umekuja kuniaibisha?" Mchomvu akauliza.

"Nimekuja kuchagua, shemeji. Maharage yangu yanakufa."

Wakashuka. Waliokuwa wakilima walipoona msafara huo waliacha majembe wakafuata, na kila shamba walilopita watu wakaongezeka, hata njia ikawa haitoshi. Walipofika kwa Namkunda, mwenyekiti akamwuliza anavyomjua Mchomvu. Bibi akaweka ndoo chini.

"Akija kwenu ni mtu mzuri, sibishi," akasema. "Lakini mgawa maji, muulize jirani wa chini. Nami ndiye."

Wakaenda na kwenye shamba lililo chini ya la Kiangi, wakaushika ule udongo. Kura zikapigwa papo hapo, na mikono mingi ikamwinukia Kiangi, ambaye hakujua atazame wapi. Mchomvu akaondoka bila kumuaga mtu, na kwa muda mrefu hakukanyaga nyumbani kwa Nakijwa.

Lakini zamu ya mwisho wa mfereji ilipofika, maji yalishuka yakinguruma. Nakijwa alivua viatu akasimama katikati yake, akicheka peke yake huku maharage yakinywa.

Tangu hapo, kila panapo uchaguzi, hata ule usiomvuta mtu, watu wa kule hukumbushana: mgawa maji, muulize jirani wa chini.