Nyumba ya Ghorofa ya Nne

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana yake ni kuwa taabu ya mahali huijua anayekaa hapo, na mwenye hekima humwuliza huyo kabla ya kukata shauri. Mwongera wa Maua hakumwuliza mtu.

Mwongera alikuwa mfanyabiashara wa miraa, mwenye bidii kama mchwa. Siku tano za juma alikuwa safarini na mzigo wake. Mungu alipomjalia uwezo wa kununua nyumba katika jengo jipya pale mjini, wakala alimwonyesha mbili zilizobaki: moja chini kabisa, nyingine juu kabisa, ghorofa ya nne. Bei ilikuwa moja. Lifti haikuwapo.

"Mzee, si umlete mama watoto azione kwanza?" wakala akamshauri.

"Aniambie nini?" Mwongera alicheka. "Mimi nimekulia juu ya miti. Miraa tamu iko kileleni, ya chini tunawaachia mbuzi. Andika ya juu!"

Akatia sahihi siku hiyo hiyo.

Waliohamia humo hasa walikuwa mkewe Kananu, binti yao Karimi na wadogo zake, na mama yake Mwongera, ajuza aliyevimba magoti. Siku ya kuhama, mama alipandishwa akishikwa huku na huku, na tangu hapo hakushuka. Kanisa alilolitumikia miaka arobaini lilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Kila Jumapili alikaa dirishani akiwasikiliza wenzake wakiimba, machozi yakimlengalenga. Maji nayo hayakuwa na nguvu ya kufika juu. Kananu alipanda na mitungi kila asubuhi mpaka kiuno chake kikaona cha mtema kuni. Alipomweleza mumewe kwa simu, alijibiwa, "Mama Karimi, wacha malalamiko. Watu wanalilia nyumba kama hiyo."

Miezi saba ikapita hivyo.

Ikafika Jumapili ya Meza ya Bwana. Mwongera alikuwa nyumbani, amejinyoosha kwenye kochi.

"Mama Karimi, maji ya kuoga yako wapi?"

Kananu alisimama mbele yake. Alikuwa amefura kwa hasira kama maziwa yanayochemka.

"Yako chini. Mitungi iko mlangoni. Ukimaliza kuoga, mama yako anataka kushiriki Meza ya Bwana. Mbebe."

"Unaongea na mimi hivyo?"

"Niongee na nani mwingine? Ni wewe ulichagua! Hizi ngazi umezipanda mara ngapi na kitu mkononi?"

Mwongera alishuka akifoka, apate kumwonyesha kuwa ni kazi nyepesi. Aliporudi na mitungi miwili, alifika ghorofa ya tatu akaketi pwata kama gunia la viazi. Alipoinuka aliteleza, na mtungi mmoja ukabingirika ukimwaga maji hadi milangoni pa majirani. Alioga kwa maji yaliyobaki, akamweka mama yake mgongoni, akaanza kushuka.

Mama hakumshukuru. "Nilipokununulia viatu ukiwa mdogo, nilikuuliza kama vinakubana," alimwambia sikioni. "Wewe umenifungia huku juu kama kuku wa kuuzwa. Hukuniuliza hata mara moja!"

Chini, mlango wa ile nyumba nyingine ulikuwa wazi. Mwenyewe, Kiunga, alikuwa akipiga viatu rangi.

"Ndugu yangu," Mwongera alihema, "tubadilishane nyumba. Nakuomba."

Kiunga alitikisa kichwa. "Mke wangu alikuja hapa mara tatu kabla sijanunua. Alifungua kila bomba, akapanda mpaka juu, akashuka, akasema ni hii. Mwulize yeye."

Sauti ya mwanamke ikatoka jikoni: "Mwambie hata akileta miraa ya mashamba yote ya Igembe, sihami!"

Mwongera alivuka barabara na mama yake mgongoni, waumini wote wakigeuka kutazama. Kanisani alipiga magoti akatubu kiburi chake. Mungu ni mwingi wa rehema, naye humsamehe anayetubu. Lakini ibada ilipokwisha, nyumba ilikuwa bado ghorofa ya nne, na Kananu alikuwa ametangulia mbele bila kumsubiri. Mwongera akainama, mama akampanda mgongoni akiwa bado amenuna, wakavuka barabara, wakaanza ngazi ya kwanza.

Hakika, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.